Mvuke Unaowasha Kiberiti: Joto Lililo Juu ya Nyuzi 100

Mpishi yeyote wa Pwani anaijua saa ambayo ukoko huanza. Sufuria ya wali hukaa juu ya moto mkali na mchele wa chini hauungui. Kisha maji yakishakauka, kwa dakika chache tu ambazo moto haukuongezwa hata kidogo, chini hugeuka kahawia, na mpishi akichelewa, hugeuka mkaa. Moto ni ule ule, sufuria ni ile ile, na wali ni ule ule. Kilichoondoka ni maji. Naanza na sufuria ya wali kwa sababu swali ninalotaka kulifafanua, yaani inakuwaje mvuke wa maji uweze kuunguza karatasi na kuwasha kiberiti, jibu lake limo ndani ya sufuria hiyo, na asiyelitafuta humo huishia kudhani kwamba ni kiinimacho.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi, tukaondoka darasani tukiamini, bila mtu yeyote kutuambia hivyo waziwazi, kwamba nyuzi 100 ndiyo kikomo cha joto la kitu chochote chenye asili ya maji. Imani hiyo ndiyo inayotupotosha. Nyuzi 100 ni kikomo cha maji yaliyo wazi kwenye usawa wa bahari, kama pale Mombasa au Dar es Salaam. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, maji huchemka kwa takriban nyuzi 94, na kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 81 hivi. Mvuke, ukishaachana na maji yake, hauna kikomo cha namna hiyo. Ni gesi kama gesi nyingine, na ukiupasha hupanda hadi nyuzi 150, 300, au 500, bila kuuliza ruhusa ya mtu.

Kabla ya kuuona mvuke ukifanya hivyo, inafaa kwanza kuona maji yanavyozuia. Chukua karatasi ya kawaida ya kuandikia, ikunje iwe kisanduku kidogo kisicho na kifuniko, tia maji hadi karibu na ukingo, kisha kishikilie kisanduku juu ya mwali wa mshumaa kwa koleo au kwa vijiti viwili. Tumia mshumaa, usitumie jiko la gesi, kwa sababu mwali mpana hulamba kuta za juu zisizo na maji, na hizo zitashika moto. Ukisubiri kwa subira utaona viputo vidogo vikijikusanya chini, na karatasi hiyo, ambayo ikiwa kavu huungua ikipata joto la zaidi ya nyuzi 200, itakaa juu ya moto bila kuungua, imechafuka masizi tu. Maji yaliyo upande wa pili yanalichukua joto upesi kuliko karatasi inavyoweza kulikusanya, na maji yenyewe hayavuki nyuzi 100. Ni mlinzi aliyesimama mlangoni. Sufuria ya wali nayo ilikuwa na mlinzi huyo huyo, na ukoko ulianza alipoondoka.

Joto hilo linalomezwa huenda wapi? Swali hili lilimshughulisha Joseph Black, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow huko Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1760. Aliona kwamba maji yanayochemka huendelea kupokea joto kutoka motoni ilhali kipimajoto hakisogei, akatambua kwamba joto hilo halipotei bali hufichika ndani ya mvuke; ndiyo maana wanafizikia wanaliita joto fiche. Kiasi chake ni kikubwa kuliko mtu anavyodhani. Gramu moja ya maji, ikitoka nyuzi 25 hadi 100, huhitaji jouli 314 hivi (jouli ni kipimo cha kiasi cha joto). Gramu hiyo hiyo, ili igeuke yote kuwa mvuke bila kupanda hata uzi mmoja, huhitaji jouli 2,257. Kwa lugha ya jikoni, birika lililochukua dakika 5 kuchemka, likiachwa juu ya moto ule ule, litahitaji zaidi ya nusu saa ndipo likauke. Sasa shika tarakimu ya tatu, ambayo ndiyo inayoshangaza: gramu hiyo moja ya mvuke, ikitoka nyuzi 100 hadi 200, huhitaji jouli 200 tu. Kazi kubwa ni kuyafanya maji kuwa mvuke. Baada ya hapo, kuupandisha mvuke nyuzi mia nzima ni kazi ya dakika 3 kwa moto wa birika letu.

Hapa pana kikwazo cha lugha ambacho ni lazima tukiondoe. Tunaposema mvuke, wengi wetu tunakiona akilini kile kitu cheupe kinachopanda juu ya kikombe cha chai. Kitu hicho cheupe si mvuke. Ni ukungu wa matone madogo ya maji, yaani mvuke uliokwisha kupoa ukarudi kuwa maji. Mvuke halisi hauonekani kwa macho, kama vile hewa isivyoonekana. Jambo hili unaweza kulihakikisha leo jioni bila kifaa chochote cha ziada. Chemsha maji kwenye birika lenye mdomo mwembamba, na yakichemka kwa nguvu, inama utazame kwa upande, uso ukiwa mbali, mahali mdomo wa birika unapoishia. Kati ya mdomo huo na mwanzo wa wingu jeupe kuna pengo la sentimita moja au mbili ambamo huoni kitu. Mvuke umo katika pengo hilo, na ndiyo sehemu inayounguza kuliko zote. Kisha weka mwali wa mshumaa karibu na sehemu ya chini ya wingu jeupe: wingu hupungua au hutoweka pale joto linapoligusa, kwa kuwa matone yamegeuka tena kuwa gesi isiyoonekana. Watoto hudhani kwamba mshumaa umeufukuza mvuke, ilhali umeufanya uwepo.

Mvuke ulio ndani ya birika unaishi pamoja na maji yaliyouzaa, na kwa sababu hiyo hauwezi kuyazidi joto kwa kiasi kikubwa. Ukizidi, unayapa maji joto lake na mvuke mwingine unazaliwa. Ili upande juu zaidi ni lazima utengwe, upitishwe mahali palipo na moto lakini pasipo na maji. Mvuke uliotendewa hivyo nitauita katika makala haya mvuke uliopashwa zaidi. Wanaopika wali kwa kupalia wamekuwa wakiutengeneza bila kuupa jina. Makaa yanapowekwa juu ya kifuniko, bati la kifuniko hupita nyuzi 100 kwa mbali, na mvuke unaopanda kutoka kwenye wali hulikuta bati hilo badala ya bati baridi ambalo lingeugeuza matone na kuudondosha tena. Mvuke hupashwa kutoka juu, wali hukauka juu usirowe, na punje huachana. Pasi ya mvuke nayo hufanya kitu cha jamaa hiyo: maji hudondoka kidogo kidogo kwenye chumba cha chuma cha moto, hugeuka mvuke, na mvuke hupita kwenye matundu ya bati lenye joto zaidi yake kabla ya kufika kwenye nguo. Pasi iliyowashwa kwa joto la chini hutapika maji kwenye kanzu kwa sababu bati halijafikia joto la kuimudu kazi hiyo.

Jaribio linalolionyesha jambo hili bila kuacha shaka ni la bomba la shaba. Nalieleza kama linavyofanywa mbele ya wanafunzi, na nasisitiza kwamba si la kufanywa na mtoto, wala si la kufanywa na mtu mzima aliye peke yake bila miwani ya kukinga macho na glavu nene. Huhitajika chupa ya maabara inayostahimili moto, kizibo cha mpira chenye tundu, na bomba jembamba la shaba, la aina ile wanayotumia mafundi wa friji, lenye unene wa milimita 6 hivi. Sehemu ya katikati ya bomba huviringwa mizunguko mitatu au minne, na ncha yake ya mwisho huelekezwa mbali na watu na chini kidogo ili matone yasijikusanye humo. Maji hutiwa theluthi moja ya chupa, moto huwashwa chini yake, na mvuke huachwa utoke kwa uhuru. Neno uhuru hapa ndilo uhai wa jaribio. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza karibu lita 1.7, na bomba lililoziba, lililokunjika, au lililofungwa makusudi huigeuza chupa kuwa bomu. Kwa hiyo bomba hupulizwa kwa mdomo kabla ya kuanza ili kuhakikisha kwamba lina njia, na halizibwi kamwe, hata kwa sekunde moja.

Mwanzoni huna cha kushangaa. Weka kipande cha karatasi ya kahawia mbele ya ncha ya bomba, kwa koleo refu: karatasi inalowa, inalegea, matone yanadondoka mezani, na mvuke unavuma kama ukungu mzito. Ndipo mwali wa tochi ya gesi unapoelekezwa kwenye mizunguko ya shaba. Kwa muda hakuna kinachobadilika, kisha sauti hubadilika kwanza: ule mvumo wenye kutemeatemea hugeuka kuwa mruzi laini, kwa kuwa matone yaliyokuwa yakisafiri ndani ya mvuke yamekwisha kukauka. Wingu jeupe linasogea mbali na ncha ya bomba, sentimita tatu, tano, kumi, likiwa jepesi zaidi na zaidi, hata asiyejua anadhani maji yamekwisha. Weka tena karatasi mahali pale pale pasipoonekana kitu. Ile iliyolowa inakauka mbele ya macho yako. Kavu inakuwa ya manjano, kisha ya hudhurungi, kisha doa jeusi linatokea katikati na moshi mwembamba unapanda. Maji yameunguza karatasi.

Baadaye unashika njiti ya kiberiti na kuisogeza hadi kichwa chake kiwe sentimita moja kutoka kwenye ncha. Inawaka kwa mlipuko mdogo, kama iliyokwaruzwa. Nimeona nyuso za wanafunzi wakati huo. Hakuna anayecheka, kila mmoja anatazama chini ya meza kutafuta moto uliofichwa. Lakini jaribio halijaisha, kwani lina sehemu ya pili ambayo wengi huipita. Baada ya kichwa kuwaka, ukiibakiza njiti ndani ya mkondo wa mvuke, mti wake haushiki moto vizuri. Huwa mweusi, hutoa moshi, na mwali huzimika. Ukiitoa pembeni kabla haijazimika, hewa ikaifikia, inawaka kama njiti yoyote. Sababu ni kwamba kichwa cha kiberiti kina kemikali yake yenyewe ya kutoa oksijeni, kloreti ya potasiamu, kwa hiyo kinahitaji joto tu. Mti hauna akiba hiyo, na ndani ya mkondo wa mvuke hakuna hewa ya kuulisha moto. Mvuke ule ule uliowasha ndio unaozima. Anayeelewa sehemu hii hana haja tena ya kudhani kwamba maji yamegeuka kuwa kitu kinachoungua: yamebaki kuwa maji, yamebeba joto tu.

Sasa turudi kwenye tarakimu, kwa maana hapa ndipo watu wengi, hata waliosoma, hufungana miguu. Halijoto, yaani ukali wa joto unaopimwa kwa nyuzi, na kiasi cha joto, kinachopimwa kwa jouli, ni vitu viwili. Cheche za mashine ya kukatia vyuma zina halijoto ya nyuzi mia nyingi, nazo humwangukia fundi mkononi bila kumdhuru sana, kwa kuwa kila cheche ina joto kidogo mno. Ndoo ya maji ya nyuzi 70 haing'ai wala haitoi moshi, lakini inaweza kumuua mtoto. Gramu moja ya maji yanayochemka ikipoa juu ya ngozi hadi joto la mwili huiachia jouli 264 hivi. Gramu moja ya mvuke wa nyuzi 100, ikigeuka maji juu ya ngozi ile ile na kupoa hivyo hivyo, huiachia kama jouli 2,520, yaani zaidi ya mara tisa. Mvuke wa nyuzi 200 huongeza juu ya hizo jouli 200 tu, nyongeza isiyofika sehemu moja ya kumi. Kwa hesabu hiyo, mvuke wa nyuzi 200 hauunguzi ngozi mara mbili ya mvuke wa nyuzi 100, wala karibu na hapo. Unachoweza ni kile ambacho mvuke wa kawaida hauwezi hata ukiachwa siku nzima: kukifikisha kitu kikavu kwenye nyuzi 200. Mvuke wa birika, hata uwe mwingi kiasi gani, hauwezi kuunguza karatasi ikawa nyeusi, kwa sababu joto halipandi mlima. Halitoki kwenye nyuzi 100 kwenda kwenye nyuzi 200.

Huulizwa mara nyingi kama presha kuka haifanyi jambo hilo hilo. Haifanyi, ingawa inafanana nalo. Ndani ya presha kuka ya kawaida mgandamizo ni karibu mara mbili ya ule wa hewa ya nje, na kwa hiyo maji huchemka kwa takriban nyuzi 120 badala ya 100. Lakini maji bado yamo, na mvuke bado unaishi nayo. Kikomo kimesogezwa juu, hakikuondolewa. Maharage huiva upesi humo, na hayaungui mpaka maji yaishe. Jambo la pili linalochanganywa na hili ni maji yaliyopashwa kwenye maikrowevu ndani ya kikombe laini, ambayo wakati mwingine hupita nyuzi 100 bila kuchemka na kisha hufumka ghafla kijiko kikitiwa. Hayo ni maji yaliyochelewa kuchemka, bado ni kimiminika, na hatari yake ni ya aina nyingine.

Nje ya jikoni, mvuke uliopashwa zaidi uliwahi kubeba uchumi wa nchi zetu. Injini za mwanzo za garimoshi zilitumia mvuke kama ulivyotoka kwenye boila, yaani tangi la kuchemshia maji. Mvuke huo, ukigusa kuta za silinda ambazo ni baridi kidogo kuliko wenyewe, sehemu yake hugeuka maji palepale, na mvuke uliogeuka maji hausukumi kitu. Makaa na maji vilikuwa vikipotea bure kila pistoni ilipokwenda na kurudi. Mhandisi Mjerumani Wilhelm Schmidt alipata njia ya kuurudisha mvuke ndani ya mabomba yanayopita katikati ya hewa moto ya tanuri kabla haujafika kwenye silinda, na kuanzia 1898 reli ya Prussia, dola la Ujerumani ya zamani, ikaanza kuunda injini za namna hiyo. Mvuke wa zaidi ya nyuzi 300 unaweza kupoteza joto jingi silindani na bado ukabaki mvuke. Ni bomba letu la shaba, limefanywa kubwa.

Injini za garimoshi za aina ya Garratt, daraja la 59, ambazo Shirika la Reli la Afrika Mashariki liliziagiza kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester na kuzipokea mwaka 1955 na 1956, zilikuwa na mabomba hayo. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilivuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, zikipanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600 na kulipita nyika kavu la Taru, ambako kila lita ya maji iliyookolewa ilikuwa na thamani yake. Moja yao, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na yeyote anayesimama kando ya boila lake anaweza kukumbuka kwamba wingu jeupe lililokuwa likitoka kwenye bomba lake la moshi lilikuwa mvuke uliokwisha kumaliza kazi. Ule uliokuwa ukifanya kazi hakuna aliyeuona.

Kutokuonekana huko ndiko kulikowatia hofu mafundi wa vyumba vya injini vya meli. Mvuke wa mgandamizo mkubwa ukivuja kwenye tundu dogo hutoa kelele kali lakini hautoi wingu karibu na tundu, na aliyesikia kelele hajui mkono wake uko umbali gani na mkondo. Desturi yao ilikuwa kutembea polepole wakipunga mpini wa fagio mbele yao mpaka mpini uonyeshe mahali.

Jikoni hatuna mvuke wa namna hiyo, ila tunao wa nyuzi 100, ambao tumeona kwamba joto lake fiche linatosha. Kifuniko cha sufuria hufunuliwa kwa kuanza na ukingo ulio mbali nawe, ili kile usichokiona kitoke upande wa pili kabla wingu halijatokea. Presha kuka haifunguliwi mpaka mgandamizo wote uishe wenyewe. Na mvuke ukishamuunguza mtu, ngozi inaendelea kupikwa na joto lililoachwa ndani yake hata baada ya mkono kuondolewa. Kwa hiyo kinachotakiwa ni maji safi ya bombani, ya baridi ya kawaida wala si barafu, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20, na pete au bangili zivuliwe mapema kabla ya uvimbe kuanza. Dawa ya meno, samli na unga wa ngano hulifunika joto hilo likabaki ndani, na muuguzi atakayempokea mgonjwa atalazimika kuvikwangua juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka.